Kabla hujalipia hoteli ya kifahari Mombasa, uliza bahari itakuwa wapi

Shule zikikaribia kufungwa simu yangu haitulii. Jamaa wa Nairobi, wa Nakuru, wengine wako Uingereza wanarudi nyumbani likizo, na wote swali lao ni moja, wewe ni mtu wa Mombasa hebu tuambie hoteli gani ya maana tuje tupumzike, pesa tumeweka na watoto tumeshawaahidi. Mimi nawajibu kwa swali, mnakuja tarehe ngapi? Halafu naangalia kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa jikoni kwetu nijue mwezi wa angani utakuwa umefika wapi, ndio sasa tuanze kuzungumza hoteli.

Nafanya hivyo kwa sababu nimeona watu wengi wakilipa pesa ndefu kwa usiku mmoja, wakifika hoteli ni safi, wafanyikazi waungwana, chakula hakina neno, lakini ile bahari ya kwenye picha hawaioni. Iko kule mbali kwenye mwamba. Picha nyingi za hoteli zetu zimepigwa maji yakiwa yamejaa, na hakuna aliyewaambia kwamba maji yanaondoka.

Nyota za hoteli ni muhimu, sikatai. Hapa Kenya zinatolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hoteli ikikwambia ni ya nyota tano ni jambo unaloweza kulihakikisha, usichukue tu maneno ya kwenye Facebook. Lakini nyota zinakagua vyumba, jikoni, huduma na usalama. Hazikwambii saa nne asubuhi mtoto wako atapata maji ya kuogelea au atapata mchanga na majani.

Sasa sikiza. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama tu, hapo ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake inaweza kupita mita 3. Na hapa Mombasa siku za bamvua maji yanakuwa yamepwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, yanakuja kujaa kwenye saa kumi jioni. Yaani umeamka, umekunywa chai, watoto wamevaa nguo za kuogelea, mnashuka bichi mnakuta bahari imekwenda zake. Lakini ukija siku za maji mafu, tuseme kuanzia tarehe 8 au 23 ya mwezi wa Kiislamu, maji hayaendi mbali, na ile asubuhi unayoitaka wewe ndio yamejaa. Hoteli ni ile ile, rum ya kulala ni ile ile, bei ile ile, ila likizo ni tofauti kabisa.

Sisemi maji kupwa ni kubaya. Mimi mwenyewe napenda sana kutembea kwenye mwamba asubuhi ya bamvua, unawaonyesha watoto viti vya pweza na kaa kwenye vidimbwi, mbali unawaona wavuvi, na Diani, kule kusini, mchanga unatanda mpaka unahisi pwani yote ni yako. Vaa viatu vya raba tu, kule chini kuna miiba ya kuchoma vibaya. Muhimu ujue unaijia nini.

Binamu yangu alitaka kumleta mamake, khalati yangu, mtu mzima magoti yanamsumbua na hamu yake ni kukaa kwenye maji ya chumvi tu. Nikapigia hoteli moja Diani.

"Asalaam aleikum, dada."

"Waaleikum salaam, karibu."

"Nina mama hawezi kutembea mbali. Hiyo Alhamisi tunayotaka kuja, saa nne asubuhi, kutoka ngazi ya mwisho mpaka maji ya magotini ni mbali?"

Akanyamaza kidogo, akasema, "Subiri kaka, nikupe mtu wa bichi." Akaja mzee mmoja wa kuangalia waogeleaji, hata hakufikiria mara mbili. "Asubuhi hiyo mama asishuke, atachoka bure. Mlete baada ya alasiri, maji yatakuwa yamefika kwenye ule mnazi ulioinama, na apite mkono wa kulia, kushoto kuna mawe." Hatukuuliza tena habari ya spa wala mito ya kitandani, tukabuki hapo hapo. Hoteli ambayo mfanyikazi wake anaijua bahari yake namna hiyo, na risepsheni inajua nani wa kuulizwa, hiyo ndio nayoiita ya kifahari.

Baada ya mwezi kuna upepo. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, joto ni kali lakini bahari imetulia, na Februari na Machi maji yanakuwa maangavu, ukitaka kuzamia kuangalia samaki kwenye hifadhi ya bahari pale Bamburi na Nyali, au Kisite kule Shimoni, njoo wakati huo. Kusi kikikolea, Juni mpaka Agosti, hewa ni tamu haina fukuto, lakini bahari inachafuka na mwani unaweza kujaa ufuoni, wala si uchafu wa hoteli, ni bahari yenyewe. Aprili na Mei ni masika, bei zinashuka kweli, ila uliza kama hoteli haifanyi ukarabati, maana wengi ndio wanagonga nyundo wakati huo. Disemba mwishoni bei zinapaa na hoteli nyingi zinakulazimisha kulipia karamu ya Krismasi au mwaka mpya utake usitake, hiyo gharama iulize mapema.

Kuhusu upande. Ukitaka mji karibu, Fort Jesus, Mji wa Kale, viazi karai jioni pale bustani ya Mama Ngina, kaa kaskazini, Nyali mpaka Shanzu. Bamburi bichi ya umma iko hapo hapo, Jumapili na sikukuu inafurika watu, kuna raha yake ila kama unataka kimya omba upande mwingine. Ukitaka mchanga mweupe na utulivu, nenda Diani au Galu. Watu walikuwa wanaogopa feri ya Likoni, lakini siku hizi ukishuka treni ya SGR pale Miritini unashika barabara ya Dongo Kundu unatokea kusini bila kuvuka feri, na wa ndege wanashuka Ukunda moja kwa moja. Kule Diani ufunge dirisha, kima wanaingia rum wanabeba matunda na mkoba pia.

Jambo moja wageni hawalifikirii: pwani yetu inaangalia mashariki. Jua linachomoza baharini, halizami baharini. Kama ndoto yako ni kuona jua likizama upande wa maji na bibi yako au mume wako, hoteli za ufuoni hazitakupa, utafute za kwenye kreki, ule mkono wa bahari unaoingia ndani, kama zile za Mkomani zinazotazama Mji wa Kale.

Rum nayo. "Inaangalia bahari" ni maneno mapana sana, kuna rafiki yangu alipewa rum ya namna hiyo, bahari aliiona akisimama pembeni ya baraza, katikati kuna paa la makuti na chini kuna jenereta. Omba namba ya rum na video ya WhatsApp iliyopigwa kutoka kitandani, siku hiyo hiyo. Uliza pia muziki unazimwa saa ngapi. Na mama zetu na dada zetu wanaoogelea wamejisitiri waulize sheria za mavazi kwenye bwawa kabla dipoziti haijatoka, isiwe mtu anafika anaanza kuaibishwa mbele ya watoto wake.

Pesa zako tuma kwenye paybill au till ya M-Pesa yenye jina la hoteli, kamwe si kwenye namba ya mtu binafsi, hata akikwambia ni ofa ya leo tu. Hoteli yenyewe ipigie kwa namba iliyo kwenye tovuti yao uwaambie wakutumie uthibitisho. Uliza bei hiyo imeshajumlisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 au wataiongeza mwisho. Na kila mtu mzima abebe kitambulisho chake, mkifika bila hicho wanaweza kuwatoza bei ya wageni wa nje.