Jibu la mzabuni mmoja ni la wote

Je, mhandisi wa taasisi iliyotangaza zabuni anaruhusiwa kumjibu mzabuni mmoja peke yake? Hapana, hairuhusiwi. Mhandisi akimwambia mzabuni mmoja pembeni kifusi cha barabara ya huku Nachingwea kitachimbwa wapi, jibu hilo lazima liwafikie wote kwa maandishi kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, bila kutaja aliyeuliza. Umbali wa kifusi ndio unaobeba bei: anayejua ni kilomita 6 na anayekisia 25 hawashindani hata kidogo! Jibu likigusa nyaraka za zabuni, litolewe kama marekebisho, na muda uongezwe ikibidi.

Ila mkandarasi kulijua eneo kwa sababu alishafanya kazi hapo si kosa. Kosa ni taasisi kumpa yeye tu vipimo vya udongo. Malalamiko yaanzie kwa afisa masuuli (mkuu wa taasisi), ndipo PPAA, mamlaka ya rufaa za zabuni za umma, na msicheleweshe.