Slasha ya trekta kwa malisho yenye vichaka na visiki: nichague upana gani?

Swali: Nina malisho ya hekta 120 hivi ambayo hayajafyekwa kwa misimu kadhaa. Sehemu kubwa ni nyasi ndefu zilizokomaa, lakini kuna vichaka vya miiba, visiki vilivyofichwa na nyasi, mawe machache na vichuguu vingi. Trekta langu lina nguvu farasi 90. Muuzaji ananishauri ninunue slasha, yaani mashine ya kufyekea, ya kuvutwa yenye mabawa mawili ya pembeni na upana wa meta 4.6 ili nimalize kazi mapema. Rafiki yangu anasema ninunue ya kubebwa nyuma, yenye upana wa meta 2.1, kwa kuwa haina mambo mengi. Nimsikilize nani? Na je, nichague ya mizunguko 540 au 1000 kwa dakika?

Jibu: Kwa malisho ya namna uliyoyaeleza, nisingechukua yoyote kati ya hizo mbili. Ningetafuta mashine ya kuvutwa yenye mabawa, upana wake usizidi meta 3.7, ambayo mtengenezaji ameiweka katika daraja la kazi nzito, na inayoendeshwa kwa mizunguko 540. Nitaeleza jinsi nilivyofikia hapo, kwa sababu huenda trekta lako au ardhi yako ina jambo ambalo hukulitaja na ambalo lingebadilisha hesabu.

Tuanze na nguvu. Zile nguvu farasi 90 zilizoandikwa kwenye trekta kwa kawaida ni za injini. Zinazofika kwenye shafti ya nyuma, ambayo mafundi huiita PTO, hupungua kwa asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo huenda umebaki na 76 au 77, na hizo ndizo za kupigia hesabu. Kipimo ninachokitumia ni nguvu farasi 16 za PTO kwa kila meta ya upana ikiwa kinachokatwa ni nyasi, na zisizopungua 20 kwa kila meta penye vichaka. Mashine ya meta 4.6 itahitaji basi 74 kwenye nyasi, ambazo unazo kwa shida, na 92 kwenye vichaka, ambazo huna. Ile ya meta 3.7 itahitaji 59 kwenye nyasi na 74 kwenye vichaka. Hapo trekta lako linaingia sawasawa, ingawa penye mteremko mkali itakubidi upunguze mwendo, kwa kuwa sehemu ya nguvu ya injini itatumika kujipandisha trekta lenyewe pamoja na mzigo linaouvuta.

Muuzaji atakujibu kwamba mashine pana humaliza kazi haraka, na hilo ni kweli kwa kiasi. Zidisha upana kwa meta na mwendo kwa kilometa kwa saa, gawanya kwa 10, kisha chukua asilimia 80 ya jibu ili kufidia kugeuza na kupishanisha njia; utapata hekta kwa saa. Ukienda kilometa 5 kwa saa, mashine ya meta 4.6 itamaliza hekta 120 kwa saa 65 hivi, ya meta 3.7 kwa saa 81, na ya meta 2.1 kwa saa 143. Tofauti ya mbili za kwanza ni saa 16, tena ikiwa trekta lako litaweza kuihimili ile pana kwa mwendo huohuo ndani ya vichaka, jambo ambalo tumekwisha kuona kwamba haliwezi. Giaboksi moja ikipasuka katikati ya msimu itakula muda zaidi ya huo. Tofauti kati ya meta 3.7 na meta 2.1, kwa upande mwingine, ni zaidi ya saa 60, na hiyo ni sababu ya haki ya kutomfuata rafiki yako.

Ipo sababu nyingine ya kutomfuata, nayo ni vichuguu. Mashine ya bodi moja ngumu hukata kwa kufuata mstari mmoja ulionyooka: upande mmoja ukipanda kichuguu, upande wa pili hunyanyuka na kuacha nyasi bila kukatwa, na penye tuta jembamba katikati, visu huchimba udongo na kuuacha mtupu. Kadiri bodi hiyo inavyokuwa pana ndivyo kasoro hii inavyozidi. Mashine yenye mabawa imegawanywa vipande vinavyoungwa kwa bawaba, na kila kipande hushuka bondeni na kupanda tuta kwa kiasi chake huku kikibebwa na matairi yake. Kwa ardhi yako hili ni jambo la msingi kuliko upana wenyewe. Isitoshe, mabawa hunyanyuliwa kwa haidroliki unapopita langoni au barabarani, ila hakikisha trekta lako lina njia za kutosha za haidroliki za nje, maana baadhi ya mashine huhitaji moja ya kuinua mashine nzima na nyingine ya mabawa.

Kuhusu kubebwa au kuvutwa, mashine inayobebwa kwa mikono mitatu ya nyuma huweka uzito wake wote nyuma ya ekseli, nayo matairi ya mbele hupungukiwa na uzito hadi usukani ukawa mwepesi kwa namna ya hatari, hasa unapopanda mlima. Mashine ya kuvutwa hubebwa na matairi yake na kuliachia trekta sehemu ndogo tu ya uzito. Lakini uzito huo hauondoki. Mashine nzito ya mabawa inaweza kufikia tani moja na nusu hadi mbili na zaidi, na kwa kawaida haina breki. Unaposhuka mteremko, trekta ndilo linaloizuia. Sipendi kuona mashine isiyo na breki ikiwa na uzito unaozidi ule wa trekta linaloivuta mahali penye miteremko, hata kama vitabu vya baadhi ya watengenezaji huruhusu zaidi kwa mwendo mdogo.

Sasa tuje kwenye daraja la kazi, ambalo wanunuzi wengi hulipita haraka, na ambalo kwako naliona ndilo la kuamulia. Kila mtengenezaji hutaja unene wa shina ambalo mashine yake inaweza kulikata. Za kazi nyepesi huishia kwenye milimita 25 hadi 50, za kati kwenye 75 hivi, na za kazi nzito hufika 100. Ingia malishoni na kipimo mkononi, upime mashina ya vichaka vyako kwa urefu wa kiganja kutoka ardhini. Ikiwa mengi yako chini ya milimita 50, daraja la kati linaweza kutosha. Yakizidi hapo, chukua la kazi nzito, na yale machache yaliyozidi 100 yakatwe kwa msumeno kabla mashine haijaingia. Kumbuka pia kwamba kipimo hicho ni cha shina bichi linalokutana na visu kwa mwendo wa taratibu. Shina lililokauka la unene huohuo ni gumu zaidi.

Tofauti ya madaraja haiishii kwenye maneno ya tangazo. Itazame kwenye bati la bodi, ambalo huanzia milimita 3 na kitu kwenye mashine nyepesi hadi 6 kwenye nzito. Kwenye nguvu farasi ambazo kila giaboksi imepimwa kuzibeba. Kwenye unene wa mhimili unaotoka chini ya giaboksi. Na kwenye visu vyenyewe. Visu vya mashine hizi havikufungwa vikakazwa, bali hubembea kwenye bolti nene. Kikigonga jiwe au kisiki hurudi nyuma, hupita, kisha mzunguko hukinyoosha tena. Chini ya mhimili pawe na sinia la duara la chuma linaloteleza juu ya kisiki badala ya kunasa. Kwa malisho yenye visiki vilivyojificha, mashine isiyo na sinia hilo usiinunue hata ikiwa nzuri kwa mengine yote.

Kinga ya mfumo wa kuendeshea huja kwa namna mbili. Ya kwanza ni bolti inayokatika mashine inapokwama: rahisi, lakini kila ikikatika unasimama, unashuka na kuweka nyingine, na kishawishi cha kuweka bolti ngumu kuliko iliyoagizwa ni kikubwa, kisha kinachokatika baadaye ni giaboksi. Ya pili ni klachi inayoteleza, nayo ndiyo ninayokushauri, iwepo kwenye shafti ya kila bawa na ya katikati. Ina sharti lake, hata hivyo. Ikikaa msimu mzima bila kazi sahani zake hushikana kwa kutu, na siku ya kwanza ya kufyeka haitelezi kabisa. Kila mwanzo wa msimu legeza springi zake kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, ichezeshe mpaka sahani ziachane, kisha ikaze upya kwa vipimo vilevile.

Kuhusu mizunguko 540 au 1000, kanuni ni kwamba nguvu ileile ikipitishwa kwa mizunguko mingi zaidi husokota shafti kidogo zaidi. Nguvu farasi 75 kwa mizunguko 540 kwa dakika husokota propela, yaani shafti inayounganisha trekta na mashine, kwa nyutoni-meta 990 hivi, na kwa mizunguko 1000 ni kama 530 tu. Kwa hiyo mashine pana zinazovutwa na trekta la nguvu farasi zaidi ya 100 hunufaika na 1000. Wewe uko chini ya hapo, na 540 inakutosha. Endapo trekta lako lina mizunguko yote miwili, usije ukaiendesha mashine ya 540 kwa 1000. Ncha za visu hukimbia meta 70 hadi 80 kwa sekunde katika hali ya kawaida. Ukifanya kosa hilo zitakaribia mara mbili ya mwendo huo, na nguvu iliyomo ndani ya kisu itazidi mara tatu, ambayo bolti zake hazikuundwa kuihimili.

Propela ya mbele iwe na jointi ya aina inayoruhusu kona kali bila kutetemeka, kwa kuwa mashine ya kuvutwa hukata kona kwa pembe kubwa na jointi za msalaba za kawaida hupiga kelele na kuchakaa haraka hapo.

Matairi yanastahili uangalifu mkubwa. Shina la kichaka lililokatwa kwa mshazari hubaki limesimama kama mkuki, na mashine yako itapita juu ya maelfu ya mikuki hiyo ambayo imeitengeneza yenyewe. Matairi ya upepo hayatadumu. Chagua yaliyoundwa kwa vipande vya raba vilivyobanwa pamoja, au yaliyojazwa povu gumu, ambayo miiba haiyafanyi kitu. Matairi ya trekta hayana kinga hiyo. Tena usifyeke vichaka chini kabisa ukidhani kwamba unavimaliza. Mashine hii hukata, haing'oi, na vichaka vingi vitachipua tena kutoka kwenye kisiki mpaka uvirudie kabla havijajijenga upya. Kwa nyasi zenyewe, urefu wa sentimeta 10 hadi 15 huziachia majani ya kuanzia upya na kuviweka visu juu ya mawe mengi.

Ukubali minyororo ya kinga mbele na nyuma, hata kama muuzaji anasema inaweza kuondolewa ili kupunguza bei. Jiwe au kipande cha chuma kinaweza kurushwa umbali wa meta 100, kwa hiyo watu na mifugo wasiwe karibu, na trekta liwe na fremu ya kinga na mkanda. Kabla ya kazi, tembea malishoni ukaweke alama kwenye visiki na kuokota waya. Waya ukijizungusha kwenye mhimili hukata sili, oili huvuja bila wewe kuona, na giaboksi hufa kimyakimya.

Ukiamua kununua iliyotumika, izime kabisa na uifunge isishuke, kisha shika kisu na utikise mhimili juu na chini. Ukicheza, beringi zimechoka. Tazama oili chini ya kila giaboksi, nyufa kwenye bawaba za mabawa na kwenye kona zilizochomelewa, na mashimo ya bolti za visu kama yamepanuka. Visu hubadilishwa kwa jozi zenye uzito sawa, na kwa kuwa kwenye mashine za mabawa mhimili mmoja mara nyingi huzunguka kinyume na mingine, seti ya mhimili huo haitafaa kwenye mingine.

Mashine ikifika, iunganishe na trekta mahali tambarare na upime propela kabla ya kuizungusha. Mabomba yake mawili, ambayo moja huingia ndani ya lingine, yasigote mwisho unapopiga kona kali au kuvuka bonde, kwani yakigota yatasukuma beringi za PTO ndani ya trekta, na yanaponyooka zaidi yabaki yameingiliana angalau theluthi moja ya urefu wake. Ikiwa ni ndefu mno, mpe fundi aipunguze mabomba yote mawili na vifuniko vyake vya plastiki kwa kipimo kimoja, asafishe ncha na kupaka grisi.