Mipango miji au uhifadhi wa majengo ya kale: si lazima uache kimoja

Ndugu, umesema una shahada ya kwanza ya mipango miji na unataka uzamili utakaokuingiza kwenye uhifadhi wa majengo ya kale, ila unaogopa kupoteza miaka yako ya mipango. Hupotezi kitu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, unaonyesha kwa nini fani hizi mbili haziachani. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Ukipiga plasta ya saruji, unyevu hauna pa kutokea, ukuta unaoza kwa ndani na boriti zinaliwa. Hilo ni somo la mhifadhi. Lakini nani anaruhusu ghorofa ya ziada, magari yapite wapi, mpangaji maskini aende wapi nyumba ikigeuzwa hoteli? Hayo ni yako.

Mimi ningebaki kwenye uzamili wa mipango, kwa mfano Chuo Kikuu Ardhi, na tasnifu yote niiweke kwenye mji wa kale mmoja: Lamu, Bagamoyo au Mombasa. Kabla hujaomba, soma mpango wa uhifadhi wa Mji Mkongwe wa 1994, kisha tembea mitaani uone nini kilifuatwa na nini kilipuuzwa. Na tafadhali, tafuta fundi wa chokaa ufanye naye kazi hata likizo moja. Darasani hutayapata hayo. Kozi fupi za ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi lililoko Roma, zifikirie baadaye, ukishaanza kazi.