Kukuza injini ya Twin Cam 88 bila kuiua

Ndugu, nimekuelewa: una pikipiki ya Harley-Davidson ya 2003 yenye injini ya Twin Cam 88, unataka kubadili krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ili ufike 1,690 cc, na bado uiendeshe kazini kila siku.

Kwa matumizi hayo, krenki iache. Tanua silinda tu, kutoka 95.25 mm hadi 98.4 mm. Mwendo wa pistoni ukibaki 101.6 mm utapata kama 1,550 cc, na nguvu yake utaisikia kwenye mizunguko ya chini, ambako barabarani ndiko unakoihitaji.

Lakini kabla ya pistoni, fungua upande wa kamshafti (shafti inayofungua vali). Injini za miaka hiyo zina vikaza vya springi, vyenye viatu vya plastiki, vinavyokaza mnyororo wa kamshafti. Viatu vikilika, vipande huingia kwenye oili, pampu huharibika, na injini yote inafuata. Weka vikaza vya haidroliki, badilisha na beringi za ndani za kamshafti hapohapo. Ukipenda gia badala ya mnyororo, pima kwanza kama krenki inazunguka bila kuyumba. Ikiyumba, gia hazifai.

Kompresheni, yaani mbano ndani ya silinda, usizidishe 9.5 kwa 1. Ukizidisha, joto la foleni litaleta kugonga, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda, na pistoni hupasuka.

Kutanua silinda mpe fundi wa mashine anayezibana kwa bamba maalumu wakati wa kuchonga, maana silinda hujipinda boliti zikikazwa. Kisha kabureta ipangwe upya kabla hujaivutia mafuta kwa nguvu.