Ukifuta video kwenye memori kadi, usiiguse tena hiyo kadi

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tupo saluni Morogoro bibi harusi anapambwa, mimi nipo nje na kamera ya pili napiga gauni na viatu, dogo ninayefanya naye kazi yupo ndani anashuti mekapu. Akatoka akaniuliza, "Kaka ile sendofu ya jana ulishaihamisha eeh, maana kadi nimeifomati." Nilishindwa kumjibu. Sendofu yote ilikuwa kwenye hiyo kadi, kuanzia wageni wanaingia mpaka mzee anamkabidhi binti yake na sauti inamkatika katikati ya maneno, na sikuwa nimehamisha hata klipu moja kwasababu usiku umeme ulikatika gesti na laptopu haikuwa na chaji.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, na naandika hii kwasababu nimeshapigiwa simu na wenzangu wengi wa video ambao kadi ingepona kabisa ila walichofanya ile saa moja ya kwanza ndo kilichoiua. Programu ya kurudisha video unaweza kutafuta hata kesho, ila kadi ukiendelea kuitumia leo hiyo kesho hakuna cha kutafuta.

Nilimwambia dogo azime kamera, nikatoa kadi, nikashusha kile kiswichi kidogo cha pembeni kwenda upande wa loku, nikaifunga kwenye karatasi nikamwekea dogo mfuko wa shati na nikamwambia, ndugu yangu, hata mimi mwenyewe nikikuomba hii kadi kabla ya usiku usinipe. Kile kiswichi kinaiambia kompyuta isiandike kitu, kuna visoma kadi vingine vinakipuuza lakini kishushe tu, na kama yako ni zile ndogo za simu, maikroesidi, yenyewe haina swichi ila ile adapta yake kubwa inayo. Kisha nikamtuma mtu wa bodaboda akaninunulie kadi nyingine mjini, harusi ikaendelea.

Kwanini niliogopa hivyo kuiacha kwenye kamera? Chukulia kadi ni gesti. Pale mapokezi kuna daftari limeandikwa nani yuko chumba gani. Ukifuta faili au ukifomati ile ya kawaida, kamera inachofanya ni kuchana ukurasa wa daftari, wageni bado wamelala vyumbani, hawajui hata kama wamefutwa. Ila mhudumu akiangalia daftari anaona vyumba vyote vitupu, kwahiyo mgeni mpya akija anapewa chumba na yule wa zamani anatolewa, na akishatolewa ndo basi, hakuna programu duniani itakayomrudisha. Sisi tulikuwa tunashuti HD kwa megabiti 50 kwa sekunde, piga hesabu ni kama megabaiti 375 kila dakika, dogo alikuwa ameshashuti kama dakika nane za mekapu, hiyo ni GB 3 hivi za sendofu zimeshaondoka. Angeshuti mpaka mchana zingeondoka 20.

Halafu kuna hii, mkiangalia kamera yenu kwenye menyu ya kufomati, Canon wana kiboksi cha kufomati kwa kina, low level format wanaita. Kile ukikiweka tiki usitegemee kupata kitu, kinapita chumba kwa chumba. Kwa kazi ya kila siku mimi nakiacha bila tiki.

Mchana kutwa nilipokea ushauri. Mmoja akasema irudishe kwenye kamera iirekebishe, mwingine akasema weka kwenye kompyuta uendeshe chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski. Jamani hiyo chkdsk sio ya kuokoa faili, kazi yake ni kunyoosha daftari, na katika kunyoosha inaandika juu ya kadi yenyewe, nimeona mtu akibakiwa na folda linaitwa FOUND.000 limejaa mafaili ya CHK ambayo hayachezi. Na Windows ikikuletea ule ujumbe kwamba kadi inahitaji kufomatiwa ndo uitumie, bonyeza kughairi, hata ikikuletea mara kumi ghairi mara kumi.

Usiku baada ya ukumbi ndo nikakaa nayo. Hatua ya kwanza hata sio kutafuta video, ni kutengeneza nakala ya kadi nzima kama ilivyo, baiti kwa baiti, iwe faili moja kubwa kwenye eksitenali, ile hadidiski ya nje. Hiyo inaitwa imeji. Kadi ya GB 64 inatoa imeji ya ukubwa huohuo hata kama ilikuwa nusu tupu, kwahiyo hakikisha una nafasi. Mimi natumia TestDisk, ni programu ya bure, ukiingia sehemu ya Advanced kuna pa kutengeneza imeji inakuandikia faili linaitwa image.dd, wenye kompyuta za Linux wana ddrescue ambayo ni nzuri zaidi kama kadi yenyewe imeanza kuchoka maana inaruka sehemu mbovu kwanza halafu inazirudia baadae. Kisoma kadi changu ni cha USB 2 ikachukua karibu lisaa. Watu wanaona huku ni kupoteza muda, lakini kadi ambayo imeanza kufa inaweza kufia mikononi mwako ukiwa unaiskani kwa mara ya tatu, ukiwa na imeji unaskani hata mara hamsini kadi ipo zake kwenye bahasha.

Kisha PhotoRec, inakuja pamoja na hiyohiyo TestDisk ukiidaunilodi, bure pia, haina mambo ya kukuonyesha video zako halafu ikakwambia lipia. Jina linasema picha lakini inatoa na video. Kama lile dirisha jeusi la maandishi meupe linakutisha, ndani kuna faili linaitwa QPhotoRec lina vitufe vya kubonyeza kama programu nyingine. Unaielekeza kwenye imeji, unachagua isome kadi nzima sio nafasi tupu peke yake, unachagua kabisa aina za mafaili maana usipochagua itakuletea takataka elfu, na pa kuhifadhi unaweka kwenye hadidiski ya kompyuta, NARUDIA usihifadhi kwenye kadi unayoiokoa, nimemuona mtu mzima na akili zake anafanya hivyo kwa papara.

Inachofanya PhotoRec ni kwamba haiangalii daftari kabisa, inagonga chumba kwa chumba, ikikuta mwanzo unaofanana na mwanzo wa faili la video, MP4, inaanza kukusanya. Ndo maana majina ya zamani hayarudi, utapata folda recup_dir.1 na mafaili yanaanza na f na namba ndefu. Na ndo maana pia video iliyohifadhiwa kwa vipande, kipande huku kipande kule, inaweza kutoka mbovu. Kadi uliyokuwa unafuta klipu mojamoja ili upate nafasi ndo huwa na vipande vingi, ile unayofomati nzima halafu unashuti mfululizo huwa mafaili yamelala kwa kupangana. Tangu siku ile sifuti klipu kwenye kamera hata iwe ya sakafu. Ukikuta mafaili mawili moja linaishia na _ftyp na jingine _mdat usiyatupe, ni video moja imetenganishwa kichwa na mwili, yanaunganishwa la ftyp likitangulia.

Saa nane usiku klipu ya kwanza ikafunguka. Nikasikia MC anasema "tuinuke tumpokee", nikakaa chini sakafuni pale gesti. Dogo alikuwa hajalala, alikuwa amekaa kitandani na nguo za kazini, nikampa hedifoni asikilize mwenyewe. Sikumgombeza siku ile na sijamgombeza mpaka leo, kadi ilikuwa kwenye kamera haina alama yoyote, yeye angejuaje, mimi ndo nilikuwa sina utaratibu.

Ambazo hazikupatikana ni za mwanzo kabisa, maana kamera ikishafomati kadi inaanza kuandika upya kuanzia mwanzoni. Mapambo ya ukumbi yalienda, keki ikaenda, na klipu ya bibi harusi anaingia na wenzake ilikatwa kichwa na mekapu kwahiyo programu haikuitambua. Mzee na maneno yake yuko mzima.

Kuna wanaoniuliza kuhusu betri kuzima katikati ya kurekodi. Hiyo ni shida nyingine, video ipo na ukubwa wake unauona ila haifunguki. Kamera nyingi zinaandika ile fahirisi ya faili, moov inaitwa, mwisho kabisa unapobonyeza stop, betri ikikata fahirisi haikuandikwa. Kabla ya yote kopi kadi pembeni, kisha irudishe kwenye kamera ileile na betri iliyojaa, GoPro kwa mfano ina uwezo wa kulirekebisha faili lenyewe. Ikishindikana kuna programu ya bure untrunc, inataka uipe video nyingine nzima iliyoshutiwa na kamera hiyohiyo kwa setingi hizohizo, inajifunza mpangilio humo halafu inakijenga kile kilichokatika. Setingi zikiwa tofauti haifanyi kazi.

Na kuna kadi feki. Hii inaniuma kwasababu hapo hakuna uokoaji. Kadi imeandikwa 128 lakini ndani ni GB 8, inadanganya kamera, unashuti saa mbili na kila kinachozidi zile 8 hakikuandikwa popote. Kadi mpya yoyote kabla haijaona harusi naijaza kwa programu ya Windows inaitwa H2testw, inaandika mpaka kadi ijae halafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo, kwenye Linux ipo F3. Inachukua muda lakini unaiacha usiku inajifanyia. Niliwahi kununua mbili duka moja, moja ikafeli, nikairudisha na karatasi ya majibu wakanibadilishia.

Kadi ikiwa haisomi kabisa, kompyuta haioni hata kama kuna kitu kimechomekwa, jaribu kisoma kadi kingine, futa vile vyuma vya dhahabu kwa kitambaa kikavu, ikigoma acha. Usiipashe moto usiipasue, hiyo ni ya maabara yenye vifaa na bei yake ni kubwa.

Siku hizi kadi iliyojaa inatoka kwenye kamera loku imeshushwa, inakaa mfuko wa kushoto, tupu zinakaa kulia, na hakuna wa kuifomati mpaka video ziwe sehemu mbili na mtu amezifungua mwanzo, katikati na mwisho.

Jumatatu nilienda kwa familia mwenyewe, sikupiga simu. Nikawaambia kilichotokea na kilichokosekana. Mama alinyamaza kidogo halafu akamwita shangazi wa bibi harusi, kumbe shangazi alikuwa amerekodi kwa simu bibi harusi anavyoingia mlangoni, mwanzo mpaka mwisho. Nikaomba anipe kwa waya kutoka kwenye simu moja kwa moja maana ukitumiwa video kwa WhatsApp inabanwa inakuwa na ukungu. Dakika mbili na nusu, mkono unatetemeka, vigelegele vyake mwenyewe vimejaa kwenye maiki. Nimeiweka hivyohivyo mwanzo wa video.