Asikiri ili yaishe

Dada'angu, mdogo wako asikubali kosa eti "yaishe haraka" kama alivyoshauriwa kituoni. Hakimu hapo Wete akishamsomea shtaka la wizi atamuuliza: kweli au si kweli? Akijibu kweli, na akayakubali maelezo yatakayosomwa, anatiwa hatiani bila shahidi hata mmoja, na kuja kuipinga hatia hiyo kwa rufaa ni kazi kubwa mno. Kama hakuiba, aseme si kweli. Kuthibitisha ni juu ya upande wa mashtaka. Aombe dhamana siku hiyo hiyo, nanyi muwepo na wadhamini wenye vitambulisho. Pesa ya wakili hamna? Wahini Kituo cha Huduma za Sheria, Chake Chake. Na karatasi asiyoielewa asiisaini, nakusihi.