GPS ya simu, ramani ya karatasi na siku mjomba alipojua njia kuliko rubani

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa. Una saa 28 kwenye daftari lako la urubani, wiki ijayo unaruka peke yako kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, hadi Nanyuki, na mwalimu wako hataki hata kusikia habari za simu. Anataka ramani ya karatasi, penseli, rula na saa ya mkononi. Unauliza kama huo si ushamba wa wazee tu, na ni kanuni zipi za usalama ambazo sisi wenye leseni hatuzivunji hata tukiwa na haraka.

Mimi nilipotea mchana kweupe, anga safi, kwenye nchi niliyozaliwa, leseni ikiwa na miezi mitano mfukoni. Nitakueleza nilivyopotea, mengine utayaona mwenyewe.

Safari ilikuwa Wilson hadi Amboseli. Ukinyoosha mstari ni kama maili 84 za baharini, uelekeo digrii 162. Nilikodi Cessna 172, nikapiga hesabu ya maili 105 kwa saa, nikapata dakika 48. Abiria alikuwa mjomba wangu, mfanyabiashara wa vitunguu, mtu ambaye maisha yake yote amesafiri kwa basi na lori. Nilimuuliza uzito wake akasema themanini. Nikamsimamisha kwenye mizani ya mizigo, 97.

Usicheke, kilo hizo zina maana. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya vitabuni, mwinuko huo unapaswa kuwa na nyuzi joto 4 hivi. Siku ile saa tano asubuhi zilikuwa 26, zimezidi kwa 22, na kila nyuzi ya ziada ni kama kuipandisha ndege futi 120. Zidisha, jumlisha: ndege inajiona iko futi 8,000 na zaidi kabla haijaacha ardhi. Hewa ni nyepesi kwa injini, nyepesi kwa mbawa, na njia ya kurukia haikuongezewa hata hatua moja. Kwa hiyo nilipunguza mafuta nikabaki na ya kwenda, kurudi, na saa nzima ya akiba. Kanuni inataka akiba ya dakika 30 kwa safari za mchana za kuruka kwa macho, yaani kwa kutazama nje badala ya kutegemea vyombo. Mimi huchukua saa nzima, na utaona kwa nini.

Usiku wa kuamkia safari nilifanya kazi ya karatasi kama nilivyofundishwa. Dakika ya 10, barabara ya Namanga inapita chini yangu kati ya Kitengela na Isinya, na kuanzia hapo inabaki mkono wa kulia. Dakika ya 17, navuka reli ya Magadi, ile inayochepuka Konza kwenda Kajiado, naivuka porini, hakuna mji. Urefu futi 7,500, maana ukielekea upande wa mashariki, digrii 0 hadi 179, unachukua elfu witiri na kuongeza 500, na ukielekea magharibi elfu shufwa na 500, ili mnaokuja uso kwa uso msikutane. Mpango ulikuwa safi. Nilikuwa nimeukunja vizuri, nikaukalia.

Ndiyo, niliukalia. Kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa na simu yenye programu ya ramani, na kishikio kipya nilichonunua mjini, kile cha sumaku, unaweka simu inanasa yenyewe tap. Nikakibandika juu ya dashibodi, katikati, mahali pazuri pa kuonekana. Sentimita chache kutoka kwenye dira.

Ulishaona kosa. Mimi sikuliona.

Kwenye 172 za zamani una dira mbili. Ya sumaku inaelea kwenye kioevu chake juu pale, inayumbayumba ndege ikitikisika. Ya jairo, yaani inayoendeshwa na gurudumu linalozunguka kwa kasi, iko mbele yako, imetulia, inasomeka vizuri, lakini yenyewe haijui kaskazini ni wapi. Unaiambia wewe, kwa kusoma ile ya sumaku na kuzungusha kitufe. Sumaku ya kishikio ilikuwa imevuta dira kwa digrii kama 15, nami nikanakili kosa lile kwa uangalifu mkubwa kwenye jairo. Na kila baada ya dakika 15, kama mwanafunzi mwema, nikarudia kulinganisha kosa na kosa.

Kuna ukaguzi mmoja ambao ungenikomboa. Ukishasimama kwenye njia ya kurukia, kabla ya kusukuma mafuta, unatazama dira. Njia namba 14 maana yake inaelekea kama digrii 140. Ningetazama ningeona 125 hivi na ningejiuliza. Lakini tulikuwa tumekaa kwenye foleni karibu robo saa jua likitupiga kiooni, nyuma yangu kuna ndege ya Caravan yenye watalii, mnara wa kuongozea ndege ukaniambia niondoke bila kukawia. Nikaondoka bila kukawia. Siku hizi mnara ukiniambia hivyo na sijamaliza ukaguzi, nasema siwezi, niko tayari baada ya muda kidogo. Hakuna aliyewahi kunigombeza.

Dakika tatu baada ya kupaa, skrini ya simu ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, ikajizima. Sumaku ikabaki kazini.

Nikatoa ramani chini ya tako. Dakika ya 10 ikafika, barabara haikufika. Nikajiambia lazima imepita nilipokuwa nikiongea redioni. Nikaona mji mdogo upande wa kushoto na lami inayoukata. Kwa ramani yangu Isinya ilipaswa kuwa kulia. Nikasema basi huo ni mwingine.

Dakika ya 19, reli. Moyo ukatulia tuli. Reli imekuja, imechelewa dakika mbili tu, upepo huo. Ila kando ya reli palikuwa na mji mzima, mabati yanang'aa, barabara ya lami imepita katikati, malori yamejipanga. Kwenye mpango wangu hapakuwa na mji. Unajua nilisema nini? Nilisema ugatuzi umeleta miji kila mahali, ramani hii ni ya zamani.

Ilikuwa Kajiado. Kajiado ya siku zote, maili 12 kutoka kwenye mstari wangu.

Mwalimu wangu alikuwa akinipigia kelele mpangilio mmoja: saa, ramani, ardhi. Saa ikwambie ni dakika ya ngapi, ramani ikwambie dakika hiyo unapaswa kuona nini, ndipo uchungulie nje kukitafuta. Mimi nilifanya kinyumenyume. Nilitazama nje kwanza, nikaona kitu, nikaenda kukitafutia jina kwenye ramani. Ukienda hivyo hukosi jina, maana nchi yetu imejaa vijito vinavyofanana, miji ya mabati inayofanana na vilima vinavyofanana. Na lisipopatikana jina, unailaumu ramani.

Tukaendelea. Kilimanjaro ingeniokoa, maana ukiiona mbele kushoto huna la kuuliza, lakini jua likipanda mlima ule hujifunika mawingu, na siku hiyo ulishajifunika. Mbele nikaona kilima kikubwa cheusi kikiinuka peke yake. Nilikuwa nakitafutia jina mjomba aliponigusa bega. Hajui kutumia kipaza sauti cha kichwani, akapiga kelele tu.

"Mpwa! Hapo chini si Bissil?"

Nikamwambia hapana mjomba, tunaenda Amboseli, Bissil iko mbali huko kulia.

"Miaka ishirini napita hii barabara. Pale ndipo tunapokula nyama. Na ule mbele ni mlima wa Namanga."

Mlima ule ndio Ol Doinyo Orok. Kilele chake kinapita futi 8,000. Sisi tulikuwa futi 7,500. Na nyuma yake ni Tanzania, anga ambayo sikuwa na ruhusa hata ya kuichungulia.

Niliona haya, ila mwili ulikumbuka mafunzo. Kwanza rusha ndege, halafu jua uko wapi, halafu ndiyo uongee. Nikageuka kushoto, mbali na mlima na mbali na mpaka, nikapanda hadi futi 9,500. Mbawa zikiwa zimesawazika nikabonyeza redio nikasema kwa Kiingereza kibovu kuliko kawaida yangu kwamba sina uhakika na mahali nilipo, nadhani niko karibu na Bissil. Muongozaji hakucheka wala hakufoka. Akanipa namba ya transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, baada ya muda akathibitisha: ni Bissil. Mjomba alikuwa sahihi. Kutoka hapo ilikuwa maili kama 43 kuelekea kusini mashariki, na zile lita za akiba zikageuka kuwa kitu cha kushukuru kimyakimya.

Shika hili: ukihisi umepotea, sema mapema ukiwa na mafuta na mwinuko. Kama hupati mtu kwenye masafa uliyopewa, kuna 121.5 ya dharura, na transponda 7700. Redio ikifa, 7600. Hakuna faini ya kusema "sijui niko wapi". Kuingia nchi ya watu bila ruhusa ndiko kuna kesi.

Amboseli tulipita chini kwanza juu ya uwanja kufukuza pundamilia, tukazunguka, tukatua. Injini ilipozimwa nikakiondoa kile kishikio kwenye dashibodi, na macho yangu yakiwa kwenye dira. Kadi ikageuka polepole ndani ya kioevu chake, ikatulia pengine kabisa. Mjomba akauliza ni nini. Nikamwambia si kitu. Kwa sasa kishikio hicho kiko kwenye friji yangu, kinashika risiti za umeme.

Nilipofika nyumbani nilichukua penseli nikatafuta zile maili 12 zilitoka wapi. Kuna hesabu rahisi: ukikosea digrii moja, baada ya maili 60 umetoka kwenye mstari kwa maili moja. Maili 12 ndani ya maili 32 ni kama digrii 22. Sumaku ilichukua 15. Zilizobaki ni upepo wa mashariki, uliokuwa mkali kuliko nilivyoupangia.

Sasa Nanyuki yako. Njia hiyo siiogopi kwa kupotea, kuna Thika, Sagana, Karatina, vitu vinaonekana. Naiogopa kwa mawingu. Ukikaribia Nyeri unaingia kwenye uwazi kati ya Aberdare kushoto, inayofika mita 4,000, na Mlima Kenya kulia, mita 5,199. Asubuhi panaweza kuwa peupe, na kufikia saa tano wingu limeshaziba mlango. Ondoka mapema. Kanuni ya kuruka kwa macho, chini ya futi 10,000, inataka uone kilomita 5 mbele na ukae mbali na wingu mita 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 kwa juu au chini. Watu huiona kama namba za mtihani. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, wakawekewa hali ya kutoona nje. Wote 20 ndege iliwashinda. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Hazifiki hata dakika tatu, na wengine hawakufikisha nusu dakika.

Ndiyo maana mimi huamua kugeuka nikiwa bado chini, na chai mkononi. Nachora alama kwenye ramani: nikifika hapa na sioni ng'ambo ya uwazi, narudi, bila mjadala. Ukisubiri uamue ukiwa angani utaanza kujibembeleza kama nilivyojibembeleza na ile reli. Fahamu pia kwamba kugeuka kunahitaji nafasi, kwa hiyo pita ukiwa umeegemea upande mmoja wa bonde, si katikati.

Mengine nayapitia haraka maana mwalimu wako atakuwa ameshakuchosha nayo. Pima mafuta kwa kijiti, usiamini geji. Toa kidogo chini ya kila tangi: avgas, yaani petroli ya ndege, ni ya buluu, na maji yakiwemo utayaona yametuama chini kama shanga. Angalia marabou, wale korongo wakubwa, kuzunguka Wilson, wale ndege hawakupishi. Na mwambie mtu aliye ardhini utafika saa ngapi.

GPS itumie. Mimi naitumia kila safari, sina ugomvi nayo. Iwe shahidi wa pili, na kila alama uliyoichora inapopita chini yako andika dakika yake pembeni kwa penseli. Simu ikizima, unajua dakika nne zilizopita ulikuwa wapi, na hapo huhitaji mjomba.

Ukimaliza kuchora mstari wako wa Nanyuki upige picha uuweke hapa, pamoja na dakika za kila alama na pale ulipoweka alama ya kugeuka. Tutaukagua kabla ya Jumamosi.